Maneno ya Kukhu Niliyoyalainisha

Wiki iliyopita binti yangu alirudi kutoka shule na daftari lililobandikwa vikaratasi kwa gundi ya unga wa ngano. Mwalimu wao amewafundisha kuipika wenyewe. Alinisogezea daftari usoni, akitaka nimsaidie kazi ya Kiingereza: chukua neno, litie mkia, liandike upya. Kabla sijasoma hata mstari mmoja, harufu ya ile gundi ilikuwa imeshanijaa puani. Nikalifunga daftari kwa kishindo, nikamwambia aende mtoni achote maji. Akaenda analia. Sikumfuata. Baadaye ilinibidi nimwombe radhi, na kumwomba radhi mtoto wa miaka minane ni kazi, maana anauliza kwa nini, na ukimjibu anauliza kwa nini tena. Haya ndiyo niliyoshindwa kumjibu. Nayaandika kwa ajili yenu wa rika langu, mliokulia kwenye kambi za mashamba ya wazungu huko Kitale, ambao hamhitaji kuelezwa baridi ile wala ule ukungu unaoficha mahindi mpaka saa nne.

Gundi hiyo, ikichanganyika na kafuri, ndiyo harufu ya baba yangu. Baba za watoto wenzangu kambini walinuka ng'ombe na jasho la jembe. Wangu alinuka kitu cha kufukuzia mende. "Wewe, baba yako analala sandukuni," walinitania. "Akitoka jua linampofusha!" Niliwapiga mawe. Lakini moyoni nilijivuna, maana baba yangu hakuinama shambani. Alikaa kwenye kiti, ndani ya nyumba ya Bwana Karatasi.

Ndivyo wafanyakazi walivyomwita yule mzee wa kizungu. Shamba lake lilikuwa kandokando ya njia ya kwenda Kiminini, lakini mahindi alimwachia nyapara. Yeye alikuja nchi hii kutafuta kimya, akakipata, na Kiswahili chake chote kilikuwa "leta" na "ondoa." Kazi yake ilikuwa kukusanya mikia ya maneno ya Kiingereza, zile sauti za mwisho zinazobadili neno. Msicheke. Kila neno lenye mkia, alilolikuta katika kitabu kikuukuu chochote, aliliandika kwenye kikaratasi kimoja pamoja na sentensi yake, na baba yangu, aliyefika darasa la sita misheni, ndiye aliyevipanga. Havikupangwa kwa herufi ya kwanza kama kamusi. Vilipangwa kutoka nyuma, herufi ya mwisho kwanza, ili mikia inayofanana ikae sanduku moja. Baba alizoea kusoma kinyumenyume kiasi kwamba tukienda mjini Kitale Jumamosi alinisomea majina ya maduka ya Wahindi kuanzia mwisho, kwa sauti kubwa, mpaka nikakaa chini barabarani kwa kucheka.

"Unakiona hiki kimkia, 'ly'?" aliniambia Jumapili moja tukipukuchua mahindi. "Zamani kilikuwa neno zima, lenye miguu yake. Maana yake ilikuwa mwili."

"Mwili wa nani?"

"Wa yeyote. Mwili, umbo. Wazungu wa kale wakitaka kusema mtu ametenda kwa upendo, ni kama walisema ametenda na mwili wa upendo. Wakasema, wakasema, watu wakazaliwa na kufa wakisema, ulimi ukalisugua lile neno mpaka ikabaki sauti hiyo ndogo mwishoni. Sasa wanalitaja kutwa nzima na hawajui kwamba wanataja mwili."

Mama alikuwa anapepeta maharagwe. "Na wewe ndiyo kazi unayolipwa hiyo?"

"Ndiyo hiyo."

"Bana, wazungu wana nafasi."

Baba alicheka, lakini hakunyamaza. Alisema kabla ya mkia huo kulikuwa na mwingine mdogo zaidi, sauti ya "e" peke yake, ambao watu waliacha kuutamka ukafa. Ndiyo sababu maneno kama "fast" na "hard" yanatembea bila mkia mpaka leo. Alisema uko mwingine, "ward," ambao asili yake ni kugeuka, kuelekea. Huo aliupenda kuliko yote. Mtu aliye "homeward," alisema, ni mtu aliyegeuza uso nyumbani, hata kama hajapiga hatua bado. Aliposema hivyo aliangalia upande wa Malakisi, kwao, ambako hakuwa amekanyaga kwa misimu mitatu kwa sababu ya sanduku hili na lile ambalo halikuwa limekwisha kupangwa.

Nitasema wazi jambo moja, maana linanichoma. Mtu huyu, aliyejua Kiingereza cha wafalme waliooza, alivaa kipande, kile cheti cha kazi cha serikali ya kikoloni, shingoni ndani ya kikebe cha bati, kama ng'ombe na kengele yake. Alikivua akiwa anakoga tu. Mimi nilidhani ni medali.

Na nilidhani mengine. Kwetu mtoto hupewa jina la mtu wa ukoo aliyefariki, ili asipotee. Mimi mwenyewe nina jina la shangazi yake babu, mwanamke ambaye hakuna aliye hai anayeikumbuka sura yake. Kwa hiyo nilipoelewa kwamba mzee yule anakaa kutwa nzima akiokota sauti zilizokufa, nikamhesabu kuwa mtu wa kwetu. Nilimwona ni mtu asiyekubali chochote kipotee. Akipata kikaratasi ambacho hakujua akiweke wapi, hakukitupa. Alikitia katika sanduku lililokaa karibu na dirisha, ambalo baba aliliita Ngoja. Asubuhi angesema neno hili halifai, liende Ngoja, na baada ya chai ya saa tano angelitoa mwenyewe, akalitazama, akalipa nafasi. Nililiona jambo hilo mara nyingi nikipeleka chakula cha baba. Nikajifunza hivi: Bwana Karatasi akikataa asubuhi, mchana hukubali. Somo hilo lilikuja kunigharimu.

Mvua ya mawe ilikuja mchana mmoja, ile ya kwetu ambayo inachanachana majani ya mahindi yakawa nyuzi. Bati la stoo lilinyanyuka upande mmoja. Masanduku yalikuwa ndani. Baba alitoka mbio bila koti, akaanza kuyabeba, moja moja, kutoka stoo hadi kambini kwetu, kwa sababu nyumba kubwa nayo ilikuwa inavuja. Mzee alisimama kwenye varanda akipiga kelele yasidondoke. Sikumbuki ni safari ngapi. Nakumbuka baba akipita na kuyainamia masanduku kama mtu anayemfunika mtoto mchanga, mawe ya barafu yakimpiga mgongoni. Kisha alivitandaza vikaratasi vilivyolowa kila mahali nyumbani mwetu, juu ya mikeka, juu ya kitanda, juu ya magunia. Sisi tulikaa pembeni kwa kujikunyata. Yeye mwenyewe alikuwa na nguo mbichi mpaka jioni, maana hakukuwa na mahali pa kukanyaga ili afikie kavu.

Kichomi kilimshika kesho yake. Mama alimtuma mtu wa lori la mahindi apeleke habari kwetu Malakisi. Bwana Karatasi alikuja mara moja. Alileta kwinini, akamgusa baba kwenye paji la uso, na nikaona machozi yake. Machozi ya kweli, sitamsingizia. Kisha akaanza kuokota vikaratasi vilivyokauka.

Baba alifariki alfajiri. Saa nne Kukhu akafika.

Kukhu ni bibi kwa lugha yetu, na huyu alikuwa mama yake baba, mfupi, mikono yake imepakwa utomvu mweusi wa tumbaku ambao hautoki kwa sabuni. Huko Malakisi alikuwa amegombana na kila mkubwa aliyejaribu kumpunguzia shamba, na wote waliondoka kwanza. Alikuja na lori la mzee mmoja wa Kiislamu anayeishi karibu na msikiti wa Bungoma, Mzee Juma. Mzee huyo alidhani anamleta mama amwone mwanawe mgonjwa. Walipotukuta tunalia, Kukhu hakulia. Aliingia, akamfunua baba uso, akamfunika. Akatoka.

"Tunaenda naye nyumbani," alisema.

"Mama yangu, mimi nitambeba, wallahi," Mzee Juma alisema. "Nitamlaza vizuri juu ya magunia na turubai juu yake. Lakini nikikamatwa njiani na maiti bila barua ya mwajiri wake, mimi nafungwa, na yeye anabaki barabarani. Nipate karatasi hiyo tu. Nitangoja hadi saa nane. Baada ya hapo mvua ikishuka, kile kilima hakipandiki."

Karatasi moja, kutoka kwa mtu aliyeandika karatasi mia kwa siku.

Mama hakuweza kwenda kuomba. Mjane haondoki kando ya maiti ya mumewe. Kukhu hakujua Kiswahili cha kutosha wala Kiingereza hata kidogo, na nyapara alijificha. Nilibaki mimi. Nilikuwa na miaka tisa, na Kiingereza changu kilikuwa kile cha misheni kilichopigwa msasa na baba yangu. Kukhu alinishika mkono tukapanda hadi varanda.

Mzee alitoka. Macho yake yalikuwa mekundu. Kukhu hakungoja kusalimiwa.

"Mwambie hivi," alisema, sauti yake haikupanda wala kushuka. "Huyu ni mwanangu. Nilimpa akija kwa miguu yake. Sasa anirudishie mwili. Sikuja kuomba, nimekuja kuchukua changu. Aandike hiyo karatasi sasa hivi, nikimwona. Akikataa, nitavua nguo zangu zote hapa mbele ya macho yake, mimi niliyezaa, na hatamaliza mwaka, na kazi yake hiyo ya mikono itaoza. Mwambie. Usiache neno."

Nyinyi mnajua uzito wa tamko hilo. Mama mzee akikuvulia nguo kwa hasira, hakuna wa kukuombea. Mimi pia nilijua. Nilisikia aibu ikinipanda kutoka miguuni. Nilimwona bibi yangu bila viatu, utomvu kwenye vidole, amesimama juu ya mbao zilizopigwa nta, na nilimwona yule mzee mwenye huzuni aliyempenda baba, na nilijua, nawaambieni nilijua kwa uhakika kabisa, kwamba mtu kama huyo hahitaji kutishwa. Huyu ambaye hatupi hata sauti ya "e." Nikafungua mdomo.

Nikasema, kwa Kiingereza, kwamba bibi yangu anamsalimu kwa unyenyekevu. Kwamba anauliza kwa heshima, kama ingewezekana kwa urahisi, na kama Bwana angependa kwa wema wake, amsaidie kwa barua ndogo. Kila neno nililivika mkia. Nilizungumza vile baba alivyonifundisha kwamba watu wastaarabu huzungumza. La nguo sikulisema. La kuoza sikulisema. La "sikuja kuomba" ndilo nililoligeuza likawa kuomba.

Mzee alinitazama muda mrefu. "Unazungumza vizuri sana," alisema. "Vizuri mno. Angefurahi kukusikia."

Na mimi nikatabasamu. Baba yangu amelala chini maiti, na mimi nikatabasamu.

Kisha akasema, polepole, akipangusa miwani, kwamba barabara imeharibika, kwamba si vizuri kumsumbua marehemu, kwamba shamba lina mahali pazuri nyuma ya mikaratusi, na kwamba baba atalala pale, karibu na kazi yake. Alisema nimwambie bibi asihangaike. Alikuwa analia tena. Akaingia ndani, akafunga mlango taratibu.

"Amesemaje?" Kukhu aliuliza.

Niliona yale machozi, nikadhani machozi ni kukubali kunakokuja. Niliwaza sanduku la dirishani. Niliwaza: asubuhi anakataa, baada ya chai anatoa.

"Amesema tungoje," nikasema.

Tukakaa kwenye nyasi. Mzee Juma alikuja mara mbili. "Bado?" "Bado, amesema tungoje," Kukhu alimjibu kwa Kiswahili chake kidogo, kwa utulivu wa mtu anayejua amesema alichokuja kusema. Niliwaona watu wanne wakipita na majembe kuelekea kwenye mikaratusi, nikafurahi. Nilidhani wanaenda kutengeneza njia ili lori lipande kilima. Hata nilimwonyesha. "Ona, Kukhu, wanatutengenezea barabara." Akanilaza kichwa kwenye paja lake. Gari la mzee likatoka nyuma ya nyumba, likaenda upande wa Kitale. Hilo nalo nilisema ni la kwenda kuchukua muhuri.

Saa nane kasoro, wale watu wanne wakarudi wakitanguliwa na nyapara, wamebeba mlango wa stoo uliong'olewa. Walienda nyumbani kwetu. Tukasikia mama akipiga ukelele.

"Wanampeleka wapi?" Kukhu alimfuata nyapara akikimbia. Sikuwahi kumwona akikimbia. "Wewe, si wewe mtu wa kwetu? Wanampeleka wapi mwanangu?"

Nyapara hakuinua macho. "Mama, si mliambiwa? Bwana amesema azikwe hapa. Tangu asubuhi shimo linachimbwa."

Kukhu akageuka akanitazama.

"Amebadilisha," nikasema. "Kukhu, alisema tungoje. Amebadilisha."

Alikwenda hadi varanda, mkono tayari kwenye fundo la shuka. Akapiga ule mlango kwa viganja vyote viwili. Nyumba ilikuwa tupu. Mzee alikuwa amekwenda mjini kumchukua padri. Laana ile inataka uso. Huwezi kuuvulia nguo mlango uliofungwa. Alisimama pale, akiita jina la mwanawe kupitia tundu la ufunguo la nyumba ambayo mwanawe hakuwemo, na nyuma ya mikaratusi wakamzika baba yangu kabla mama yake hajafika ukingoni.

Kwa hiyo tulirudi kwetu, upande wa Bungoma, na blanketi la baba. Mzee Juma alikataa nauli, alipofika Kanduyi akashuka, akasali kando ya barabara, akapanda tena. Nyumbani wanaume walikata mgomba, wakaupima kwa kimo cha baba, wakauviringisha katika lile blanketi, wakauzika mbele ya nyumba aliyoanza kuijenga akaacha. Ndivyo inavyofanywa mtu asipopatikana. Wazee walizungumza na mgomba kwa jina la baba. Mama alilia juu yake. Wanawake waliimba. Mimi niliona maji ya mgomba yakilowesha blanketi kutoka ndani na nikatapika nyuma ya ghala.

Siku ya tatu tulinyolewa wote, kama desturi. Kukhu alinyolewa wa kwanza. Kichwa chake kilikuwa kidogo kuliko nilivyodhani. Aliniita nikae karibu naye kwenye ngozi ya ng'ombe, akanyoosha miguu, na watu wengine walipoondoka kwenda kula akaniuliza bila kunitazama.

"Mjukuu wangu. Yale maneno. Uliyasema yote?"

"Yote, Kukhu."

"Hata la nguo?"

"Hata hilo."

"Ulilisema vile nilivyolisema?"

"Vile vile."

Nzi alitua kwenye kichwa chake kipya, hakumfukuza.

"Na hakuogopa?"

"Hakuogopa, Kukhu."

Alitikisa kichwa taratibu, mara nyingi, kama mtu anayeelezwa jambo zito na anajaribu kulielewa. "Basi sina kitu tena," alisema.

Alikuwa mwanamke aliyewafukuza wakubwa kwa mdomo wake. Tangu siku ile hakugombana na mtu. Mwaka uliofuata walikuja wakampunguzia shamba la tumbaku kwa hatua arobaini, akawaangalia wakipiga vigingi, akawapa maji ya kunywa. Watu walisema ni huzuni ya mwanawe imemvunja. Mimi nilijua si hiyo peke yake. Alikuwa ametumia neno kubwa kuliko yote ambayo mwanamke anayo, akaambiwa limefika na halikufanya kitu. Aliishi miaka mingine saba akiamini hivyo. Nilikuwa shule ya bweni alipofariki, nikiongoza darasa kwa Kiingereza, na kila likizo katika miaka hiyo saba nililala chumba kimoja naye, na sikumwambia.